Baiskeli Iliyogawanywa Matangani

Mimi ni mwoga, rafiki yangu, na nakuambia mapema usije ukanidhania vingine. Kazi yangu ni kukarabati baiskeli za zamani za resi hapa Lyamkena, Makambako, zile nyembamba zenye usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo. Watu huja kutoka mbali kuniuliza hii ni ya enzi gani, na siti hii ni yake au imebandikwa tu. Lakini hujaniona, na hutaniona, nikishuka mlima juu ya mojawapo. Nikimaliza kuifunga baiskeli naijaribu kwenye tambarare, polepole, mguu mmoja ukiwa tayari kugusa ardhi. Mafundi wenzangu wananicheka. Waache wacheke, hawajui nilikolelewa.

Mwaka huu, baada ya arobaini ya bibi, shangazi alinipigia simu kwamba jiko la zamani linabomolewa, na kama kuna kitu nakitaka nikakichukue kabla mafundi ujenzi hawajakitupa. Nilijua anasema kitu gani, naye alijua kwamba najua, wala hakuna kati yetu aliyekitaja. Nilipofika nikainua macho, kilikuwa bado palepale juu ya boriti, katikati ya mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa: fremu ya baiskeli, nyeusi tii kwa masizi. Mtu mzima mimi, mwenye funguo za duka lake mfukoni, niliinamisha kichwa kama zamani. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Jiko lile ndilo lililonikuza. Lilikuwa katika kijiji cha kando ya barabara ya Lupembe, nje kidogo ya Njombe, na baridi ya huko haina mchezo. Mwezi wa saba nyasi zinaamka zimeganda nyeupe, na mtoto haondoki motoni mpaka afukuzwe. Tulikaa tukiyazunguka mafiga, viazi vimefukiwa kwenye majivu, makande yanatokota, moshi unatutoa machozi. Ukilalamika, bibi alikuwa na jibu lake: "Moshi hauui." Malori ya majani ya chai yalipita barabarani yakipiga honi kwenye kona ya darajani, na kila honi ilipolia bibi aliacha kukoroga akasubiri mpaka lori lipite, kisha akaendelea. Nilipenda kila kitu cha jiko lile isipokuwa kutazama juu. Nilijifunza kula nikiwa nimeinamisha kichwa, na wageni wakanisifu kuwa ni mtoto mwenye adabu.

Baiskeli ilikuwa ya baba mdogo, mdogo wake baba yangu, ambaye mimi sikumkuta. Bruda mmoja wa misheni, alipokuwa anarudi kwao Ulaya, alimwachia kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiisafisha. Kijijini hakuna aliyewahi kuona baiskeli ya namna ile. Haikuwa na keria wala madigadi, na tairi zake zilikuwa nyembamba kama fimbo ya kuchungia. Wazee walimuuliza, "Sasa hii utabebea nini?" Baba mdogo hakuwa na mpango wa kubeba kitu, alitaka kukimbia. Sikukuu ya Pasaka vijana walikuwa wanashindana kutoka Njombe hadi Makambako, naye alikuwa akifanya mazoezi kwenye barabara yetu kila asubuhi, na baba yangu ndiye aliyekuwa fundi wake.

Sasa sikiliza vizuri, maana mambo yote yako hapa. Mkono wa pedali unashikiliwa kwenye ekseli na pini moja, ambayo haizidi kidole cha mtoto. Pini hiyo ikitoka, mguu wa mwendeshaji unakanyaga hewa. Pini ya mkono wa kushoto ililegea ikapotea njiani, na ya asili isingepatikana Njombe nzima. Baba akachukua pini ya baiskeli ya kawaida, zile za kubebea mizigo, akaipiga tupa mpaka ikakubali kuingia, akaikaza. Siku chache baadaye, asubuhi ya ukungu, baba mdogo alikutwa chini ya kona ya darajani, baiskeli imemlalia. Hakuna aliyeona ilivyokuwa.

Katika ukoo wetu mali ya marehemu haitupwi na haiuzwi. Msiba ukifika mwisho ndugu wanakaa chini na kugawana, koti kwa huyu, jembe kwa yule. Lakini hakuna aliyetaka baiskeli ile iendelee kuwa baiskeli. Wazee wakaamua ifunguliwe, kila nyumba ichukue kipande chake, isije ikambeba mtoto mwingine. Baba yangu alikuwa amelala ndani hawezi hata kusimama, kwa hiyo akaletwa fundi kutoka mjini. Na tuna desturi nyingine: anayeshika vitu vya marehemu matangani hasemi neno. Ni heshima. Fundi yule akafungua nati zote kimya, akapewa ugali akala kimya, akaondoka. Mtu pekee mwenye macho ya kujua kama pini ile ilikuwa imetoka au haikutoka, na tulimziba mdomo kwa heshima! Baadaye akahamia Songea, wala hakuna aliyemfuata kumuuliza. Nikilifikiria hilo mpaka leo nataka kupiga kelele.

Usukani na uma wa mbele alipewa shangazi. Uma akausukumia uvunguni, usukani akaupigilia ukutani kutundikia makoti. Cheni ilikwenda kufunga lango la zizi la baba mkubwa, na vitu vingine vikaingia uvunguni kwake ndani ya gunia. Rimu la mbele lilimwangukia babu mdogo, ambaye alikuwa mwalimu mkuu wa shule yetu, naye akalitundika kwenye mkaratusi likawa kengele ya shule. Fremu ikapandishwa jikoni kwa bibi. Na mkono wa pedali wa kushoto, ukiwa bado umeshikana na ekseli yake, bibi aliudaka kabla fundi hajaupiga nyundo. Akaufunga kwenye kipande cha kaniki bila kuutazama, fundo juu ya fundo, akaingia nao chumbani, na hakuna aliyethubutu kumwuliza ulikolala.

Basi ndivyo nilivyokua, rafiki yangu, nimezungukwa na vipande vya mtu. Wakubwa walituambia, "Ikiungana, itamtafuta mwenyewe." Nadhani walitaka tusichezee vyuma, lakini mtoto anasikia anavyosikia. Nikitumwa kwa shangazi kuomba chumvi nilisimama mlangoni, kwa sababu makoti yale yaliyoning'inia kwenye usukani yalikuwa na mabega. Jioni za ukungu nilisikia barabarani ule mlio wa baiskeli isiyopigwa pedali, tiki tiki tiki, nikajifunika blanketi mpaka puani. Kumbe ni matone ya paa yakidondokea kwenye sufuria, ila kujua hivyo hakukunisaidia kesho yake.

Kengele ndiyo iliyonitesa kuliko vyote. Rimu lile lilikuwa na bonde upande mmoja, mahali lilipobonyea. Ukiligonga upande mzima lililia vizuri, sauti ikavuka mashamba mpaka ng'ambo ya bonde la mto. Ukiligonga penye bonde lilitoa sauti kavu, kama mtu anayekohoa. Wanafunzi wa zamu walijua pa kugonga. Siku zamu yangu ilipofika niligonga nimefumba macho, chuma kikaangukia palepale nisipopataka, na rimu likakohoa. Nilitupa chuma nikakimbia mpaka nyumbani. Babu mdogo hakunichapa. Alikuja jioni, akanywa chai ya maziwa kwa bibi, akasema tu kwamba kuanzia sasa huyu atakuwa anafagia ofisi.

Lakini hofu ya vyuma ilikuwa ndogo ukilinganisha na iliyokuja. Nilikuwa mtoni nachota maji, wanawake wawili wanafua upande wa juu. Mmoja akasema, "Si ndiye huyu, mtoto wa yule aliyemuua mdogo wake kwa pini?" Mwenzake akamkatiza, "We nyamaza, mtoto anasikia." Kweli nilisikia. Ndoo ilinitoka kichwani. Nilirudi nimelowa, bibi akanivua nguo akanikalisha motoni bila kuniuliza kitu, na nikajua kwamba na yeye anajua wanachosema.

Toka siku hiyo nilimwogopa baba yangu mwenyewe. Aliishi huku Makambako, akija kututembelea alileta mkate na sukari, na hakuingia jikoni hata mvua inyeshe. Alisimama ukingoni mwa uwanja. Bibi alimfuata na kikombe.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mahindi yenu huko yamestawi?"

Walizungumza mahindi, wakazungumza mvua, chai ikaisha. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango naitazama mikono yake, myeusi kwa grisi, nikijiuliza ni upi ulioshika tupa. Akiniita nimsalimie nilimpa vidole tu. Alikuwa anatabasamu, maskini, akinirudishia vidole vyangu polepole kana kwamba ameviazima. Hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Nilipofaulu kwenda sekondari nilihamia kwake, nikamkuta bado ni fundi baiskeli. Mteja akileta baiskeli ya aina yoyote, kwa shida yoyote, baba alianza na pini. Aliinama, akaishika mikono ya pedali akaitikisa, akachukua nyundo ndogo, ko, ko, akasikiliza. Mteja alilalamika, "Mzee, mimi nimeleta pancha." Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Pancha haiui." Nilijifunza ufundi nikiwa nimekaa pembeni ya hofu yake. Wengine wanarithi shamba.

Ameshazeeka sasa, kifua kinamsumbua, anakaa kwangu. Asubuhi namwekea kiti mlangoni mwa karakana apate jua. Siku moja baada ya kumzika bibi, akiwa ameshika kikombe, alisema bila kuulizwa, "Siku yangu ikifika, msinilaze karibu na mdogo wangu." Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Sijui kama ananitaka." Halafu akaomba sukari. Simu ya shangazi ilipokuja nilikuwa bado natembea na maneno hayo, na ndiyo yaliyonirudisha ndani ya jiko lile baada ya kujifanya napokea simu nyingine.

Shangazi alinikuta nimepanda kwenye kigoda, fremu iko mabegani.

"Mwanangu, hiyo kitu iache," alisema. "Sisi tuliiachanisha tukiwa na akili zetu timamu."

"Naiogopa kuliko wewe, shangazi. Lakini baba hataki kuzikwa kwao."

Alijifunga kanga upya. Kisha akaenda kwake, akarudi na usukani, misumari bado imening'inia, na uma kutoka uvunguni. Mkononi alikuwa na kifurushi cha kaniki. "Na hiki hapa. Kilikuwa chini ya godoro la mama. Alituambia tusifungue, na mimi sifungui." Alinipa akapangusa viganja kwenye kanga. Vingine vilikuja vyenyewe baada ya hapo. Baba mkubwa alishafariki, wanawe wakanikabidhi cheni na gunia zima kama watu wanaorudisha chungu cha jirani. Rimu nililipata kwenye stoo ya shule, maana siku hizi wana kengele ya umeme. Nadhani kila nyumba ilikuwa imechoka kuogopa, ikisubiri mtu wa kuanza.

Hapa Makambako nilifanya kama ninavyofanya baiskeli zote za zamani, kwa sababu kazi ninayoijua hunituliza. Masizi nayasifu: moshi na mafuta ya jikoni viliihifadhi fremu ile kuliko rangi yoyote ya dukani. Nilipoipitisha kitambaa chenye mafuta ya taa, chini yake ikatokea bluu ya anga asubuhi isiyo na ukungu. Penye ekseli ya pedali palikuwa na namba iliyogongwa kwenye chuma, na kando yake alama ndogo ya nyota. Nikaitafuta nyota ile kwenye kila kipande. Ilikuwepo kwenye usukani, kwenye uma, kwenye nati za magurudumu. Ndivyo unavyojua ndugu wa tumbo moja. Kisha nikaurudisha uma kwenye fremu, nikaliingiza rimu, nikaona kitu ambacho kipande kimoja kimoja kisingeonyesha. Uma ulikuwa umekunjika kurudi nyuma, na ulivyokunjika ulielekeana sawasawa na lile bonde la kwenye rimu. Gurudumu lilikuwa limegonga kitu kigumu, jiwe bila shaka, kwa nguvu ya mtu anayeshuka.

Usifurahi haraka, mimi mwenyewe sikufurahi. Jiwe lilikuwepo, sawa, lakini kwa nini aligonga jiwe? Huenda pini ilitoka kwanza, mguu ukakanyaga hewa, baiskeli ikamshinda. Jibu lilikuwa kwenye kaniki, na kaniki ilikuwa juu ya meza. Nikang'arisha spoki. Nikapaka grisi. Nikapaka grisi mahali nilipokwisha kupaka. Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, na kwa jinsi alivyokuwa ameipa baiskeli mgongo nilijua anaiona yote.

"Fungua tu," alisema. "Mimi nimeshazeeka."

Mafundo hayakufunguka. Kitambaa kilikuwa kimekauka kikashikana na kutu, fundo juu ya fundo kama lilivyofungwa siku ile, ikabidi nikate kwa kisu. Nilikata macho yangu yakiwa kwingine, nikasali sala fupi ya mtoto, ile ya kabla ya kula, kwa kuwa ndiyo iliyonijia. Kisha nikatazama.

Pini ilikuwepo. Ilikuwa imeingia mpaka mwisho, nati yake imekaza, na kwenye ubavu wake mikwaruzo ya tupa ilionekana wazi. Niliushika mkono wa pedali nikautikisa. Nikaubana kwenye jiliwa ya mezani nikautikisa kwa mikono miwili. Nikachukua nyundo ndogo, ko, ko, nikasikiliza kama nilivyofundishwa. Haukucheza hata unywele.

Niliupeleka mapajani mwa baba, nikaishika mikono yake ambayo utotoni sikuishika, nikaweka kidole gumba chake juu ya pini. Alipapasa nati, akapapasa mikwaruzo, akarudi kwenye nati. Alikaa hivyo mpaka jua likahama kwenye miguu yake. Nilikuwa nategemea alie, au amshukuru Mungu. Aliuliza, "Mama aliona?"

Ningeweza kumdanganya, nakiri ilinijia. Lakini kaniki ilikuwa sakafuni mbele yake, na fundi anajua fundo lililokatwa.

"Hapana, baba. Hakuwahi kufungua."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe aliogopa na yeye," alisema. "Aliogopa akifungua, atapoteza mtoto wa pili." Ndipo alipolia, na mimi nikalia naye, watu wakipita barabarani wanatuamkia na kuendelea.

Jiko la bibi halipo tena, pamejengwa la tofali na bati la rangi. Mkaratusi wa shule umekatwa. Barabarani mbio za Pasaka zimekuwa za bodaboda, na watoto wa siku hizi ukiwaambia kuna wakati kijiji kizima kiliogopa makoti ya ukutani, wanakutazama kwa huruma. Siwasikitikii. Nawasikitikia watu wawili waliokunywa chai wakiwa wamesimama, miaka yote ile, wakizungumza mahindi, na kati yao kitambaa ambacho kisu cha jikoni kingekimaliza. Bibi amekufa anajua lisilo kweli, au anahofia lisilo kweli, na hilo mimi siwezi kulikarabati.

Baiskeli sasa ni nzima, imesimama karakanani, hakuna anayeipanda. Bado naiogopa kidogo. Nikizungusha gurudumu la nyuma likalia tiki tiki tiki, nywele za shingoni zinasimama. Majuzi alikuja mzee mmoja kutoka Njombe, mpenzi wa baiskeli za zamani, akaizunguka kwa heshima, akagusa nyota moja baada ya nyingine, akasifu rangi, akasifu siti. Kisha akachuchumaa upande wa kushoto akakunja uso.

"Kila kitu ni chake," alisema, "isipokuwa pini hii. Pini hii ya nani?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Pale mlangoni kiti kililia, baba akageuka na kiti chake chote.

"Ni yangu," alisema.